Giaboksi ya tanuri la saruji ikivunjika na tanuri bado lina moto

Swali lenyewe: tanuri (bomba refu la chuma linalozunguka likichoma malighafi ya saruji) limesimama na mzigo ndani, giaboksi kubwa imevunjika, mota ya akiba inawaka lakini tanuri haligeuki. Haligeuki kwa sababu, kwenye mitambo mingi, mota ya akiba haina njia yake. Inapitia giaboksi ileile. Umeme ukikatika itakuokoa. Gia zikivunjika ndani, haina inachoshika. Kama tanuri lina pinioni mbili (gia ndogo zinazosukuma gia kubwa ya tanuri) na mota ya akiba iko upande mzima, tenganisha kapilingi, yaani kiungo cha shafti, ya upande mbovu uendelee taratibu. Kama pinioni ni moja, litavutwa kwa waya.

Kata malisho na mafuta papo hapo. Rudisha bomba la moto nyuma, ila feni yake isizimwe, maana ncha itaungua. Feni za kupoza ganda, yaani chuma cha nje cha tanuri, zima zote: tanuri likisimama zinapoza upande mmoja tu, na hapo ndipo balaa. Klinka (saruji iliyochomwa, kabla ya kusagwa) yenye nyuzi 1450 imelala chini, ganda la chini linatanuka, la juu linapoa, tanuri linapinda kama ndizi na matofali ya ndani yanalegea. Mvua ikinyesha juu yake, hesabu dakika, usihesabu saa.

Kabla ya kufungua kapilingi iliyo kati ya giaboksi na pinioni, kumbuka mzigo ndani umeegemea upande mmoja na breki ndiyo inayoushika. Klachi ya mota ya akiba itolewe kwanza. Ikiachwa imeshika na tanuri likarudi nyuma, mota hiyo huzungushwa kwa kasi isiyoihimili na inaweza kupasuka vipande. Legeza breki kidogo kidogo, watu wakiwa mbali, mpaka tanuri libembee na kutulia lenyewe.

Waya uzungushwe mara tatu kwenye ganda, karibu na tairi (pete nene ya chuma ambayo tanuri linakalia rola kwayo), upande wa malisho: bati ni nene na joto ni dogo. Uwe na kiini cha chuma. Kiini cha katani kitaungua. Mizunguko hiyo inatosha kushika kwa msuguano, ncha ya nyuma ikifungwa kwa pingu ya chuma. Usichomelee masikio ya kufungia waya kwenye ganda la moto.

Nguvu ipigiwe hesabu, isikisiwe. Tanuri la kipenyo cha mita 4 na urefu wa mita 60 lina mzigo wa kama tani 75. Kitovu cha uzito huo kiko mita 1.5 kutoka katikati, na mzigo hupanda hadi kama digrii 35 kabla ya kuporomoka. Hiyo ni takriban tani-mita 65; ongeza 10 za msuguano wa rola, ugawe kwa mita 2 za nusu kipenyo: tani 37 au 38. Waya wa milimita 20 utakatika. Tafuta unaokatika kwa tani 110 kwenda juu, au weka nyaya mbili sambamba. Kapi linaipunguzia mashine kazi, haliupunguzii waya ulio kwenye ganda. Buldoza au winchi ndiyo ya kuvutia. Kreni ivute wima tu, mkono wake haukuundwa kuvuta kwa mshazari. Asisimame mtu kwenye mstari wa waya.

Likishageuka, usiachie ghafla, litarudi. Breki ikiwa haifanyi kazi, au haijaungana tena na tanuri, mashine ya pili ishikilie kwa waya wake.

Mtengenezaji ana ratiba yake. Kama huna, kwa kawaida ni robo mzunguko kila dakika 10 saa ya kwanza, kila 15 hadi saa ya tatu, kila 30 hadi saa ya kumi na mbili, kisha kila saa mpaka ganda lipoe. Kwa waya hutaifikia, kwa hiyo nguvu zote ziende kwenye saa tatu za mwanzo. Piga chaki 1, 2, 3, 4 kwenye ganda, na kila mgeuko uandikwe na saa yake.

Kitu kinachosahaulika ni mafuta ya beringi za rola. Kwa mwendo huu vijiko vya ndani havipandishi mafuta ya kutosha. Fungua kifuniko, mimina kwa mkono kila kabla ya kuvuta, mpaka shafti ing'ae upana wake wote.

Likiwa limeshapinda, geuza upande uliobinuka uwe juu, subiri, kisha mulika tochi kati ya tairi na rola. Mwanga ukipenya, tairi halijakalia rola. Usilizungushe mfululizo mpaka mwanga huo upotee.