Kwa dada aliyeuliza: sisi wenye familia huandika riwaya saa ngapi?

Dada, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema una mtoto wa miaka miwili, kazi ya ofisi Upper Hill, na kurasa arobaini za riwaya ulizoziacha tangu mwaka jana. Unataka kujua wenzako wenye familia huandika saa ngapi, na kama marafiki wa vitabu wana faida au ni kupotezeana wakati. Nitakujibu kwa yaliyonipata. Nina riwaya mbili zilizotoka, ya tatu iko kwa mhariri. Nina mume na watoto wawili, tunaishi Umoja, Nairobi, na mchana kazi yangu ni kusoma prufu za vitabu vya shule.

Nikuambie jambo ambalo mimi sikuambiwa: wakati wa kuandika hauokotwi, unaukata kwa mtu. Saa moja unayoketi na mswada, kuna mtu anayembembeleza mtoto wako, anayekinga maji, au anayelala peke yake. Mtu huyo akijua na akaridhia, riwaya itaandikika. Ukimficha, ipo siku atakudai yote kwa mpigo.

Mimi nilidaiwa. Riwaya ya kwanza niliiandika kwa kuiba. Nikichelewa nilisema kazi zimezidi, kumbe nimeketi Maktaba ya McMillan pale Banda Street, ile yenye simba wawili mlangoni iliyofunguliwa 1931. Napapenda mno. Msikiti wa Jamia uko jirani, na adhana ikilia najua mchana umeshasonga. Siku moja binti yangu, akiwa darasa la pili, alikuwa anakariri shairi shuleni na wazazi tumealikwa. Nilijua. Nikajiambia nimalize sura ya kumi na moja kisha nikimbie, nikazima simu. Nilipoinua kichwa ilikuwa saa kumi. Jioni hakulia wala hakununa. Alisimama jikoni, bado na sare yake, akalikariri shairi lote tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, kisha akaniambia, "Sasa umesikia." Sura ile ya kumi na moja nimeiacha kitabuni, lakini mpaka leo siwezi kuisoma.

Usiku huo niliketi na baba watoto nikamwambia kila kitu, tukapanga. Kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu alfajiri ni muda wangu, Jumatatu mpaka Ijumaa. Mtoto akilia, yeye ndiye anayeamka. Jumamosi moja kati ya mbili anakaa na watoto hadi saa tisa. Jumapili sishiki kalamu. Na ikifika saa kumi na moja na nusu nafunga daftari hata kama sentensi imekatika katikati, kwa sababu basi la shule halingoji na uji haujapikwa. Afadhali sentensi iliyokatika, kwani kesho yake najua pa kuanzia.

Ukurasa mmoja kwa alfajiri unatosha. Siku tano kwa wiki, wiki hamsini, hizo ni kurasa 250. Zipo asubuhi ninazoandika mbili, na zipo ninazoandika mistari minne nikaifuta mitatu.

Naandikia jikoni. Mlango unafungika, na tena kuna suala la maji. Kwetu huja mara mbili kwa wiki, aghalabu usiku. Naacha mfereji wazi juu ya ndoo, nao huanza kukoroma kabla ya kutoa tone. Hapo naweka kalamu chini, nasogeza dumu la kwanza. Likijaa naleta la pili, narudi mezani na mikono imelowa, naandika aya moja, naenda kwa la tatu. Sura ya harusi katika riwaya yangu ya pili niliiandika usiku mmoja wa namna hiyo, kati ya madumu manane, na kurasa zake zina alama za vidole vya maji. Siku hizi naandika kwa mkono kwanza, kwenye daftari la kurasa 200, maana stima ikipotea daftari halizimiki. Jioni, watoto wakishalala, napiga chapa nilichoandika alfajiri.

Sasa marafiki. Mwaka 2019 nilikuwa nashuka matatu jioni karibu na soko la Muthurwa, mtu akanipokonya mkoba na laptopu ndani. Riwaya ya pili ilikuwa humo, sura kumi na nne, na sikuwa na nakala. Nilitembea hadi nyumbani kama mtu anayetoka mazishini. Siku ya tatu alikuja mwenzangu mmoja, mwalimu wa Kiswahili mzaliwa wa Lamu anayefundisha huku Eastlands. Ndani ya mfuko wa nailoni alikuwa na bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha sura tisa. Nilikuwa namtumia moja moja azisome, naye huzichapisha saiba, kwenye duka la intaneti, ili azitie penseli, kwa kuwa macho yake yanachoshwa na simu. Akasema tu, "Dadangu, hizi hapa." Tano zilizobaki niliziandika upya kwa kumbukumbu. Tangu hapo kila Ijumaa natuma mswada kwa barua pepe yangu na kwa yake.

Ile penseli yake, dada, ndiyo darasa langu. Ukingoni mwa sura ya nne, palipo na abiria anayesema "Tafadhali niteremshe hapa", aliandika: "Huyu amepanda gari wapi?" Nikacheka, kisha nikaketi kwenye matatu wiki nzima nikisikiliza. Hakuna anayesema hivyo kwenye njia yetu. Watu husema "Shukisha hapo mbele", wengine hugonga bodi tu. Nami nilimlipa: akiandika wahusika wa Nairobi wanaozungumza kama wazee wa Lamu, namwambia. Kiswahili chake kina kina ambacho mimi sikulelewa nacho, nami nina mtaa masikioni. Kila mmoja angebaki peke yake angeandika kitabu chembamba zaidi.

Kikundi chetu tuko sita, na hukutana Jumamosi zile zangu. Nilipojifungua mtoto wa pili, kifungua mimba wetu alikuwa na miaka saba, na wale watu walikuja na njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, na uji, mmoja akanisomea sura yake kwa sauti huku nanyonyesha. Watoto wangu wanawaita shangazi na mjomba. Ndiyo maana baba watoto hazioni Jumamosi zile kama hasara. Kuna vikundi vingine nimewahi kuvijaribu, ambako watu huzungumzia vitabu watakavyoandika na hakuna anayeleta ukurasa. Huko toka mapema.

Kuhusu pesa sitakawia. Mkataba wangu ni mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwenye mauzo, wa asilimia 10, unaolipwa mara moja kwa mwaka. Vitabu vimo kwenye kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, tangu sheria ya 2013, na riwaya isiyoteuliwa kusomwa shuleni huuzwa polepole sana. Usiache kazi. Marehemu Ken Walibora, mwandishi wa riwaya ambaye wengi wetu tulimsoma shuleni, alikuwa pia mtangazaji wa habari kwenye runinga. Ninachofanya na mrabaha ni hiki: Septemba, wakati wa maonyesho ya vitabu Sarit Centre, naenda na watoto, na kila mmoja anachagua kitabu kimoja kwa pesa za kitabu cha mama. Binti yangu huanza kuuliza tangu mwezi wa Julai.

Basi leo jioni, kabla hujafungua zile kurasa arobaini, ongea na baba mtoto, au yeyote unayesaidiana naye. Mtajie saa, mtajie siku, umuulize naye anataka saa zipi zake. Halafu Jumamosi ijayo, kama uko mjini, tutakuwa McMillan saa nne asubuhi. Niandikie faraghani nikuelekeze. Njoo na kurasa tatu zilizochapishwa, nakala mbili, na nafasi ya kutosha ukingoni kwa penseli.