Jibu: ubongo mkubwa na malaria ya ubongo

Yaya, umeuliza: kama ubongo wa mtu ulikua mkubwa hivi, mbona malaria inauzima kwa siku mbili tatu? Mimi naona ukubwa wenyewe ni sehemu ya shida. Lucy wa Ethiopia, mifupa ya kale ya jamii ya mababu zetu, wa miaka milioni 3.2 iliyopita, ubongo wake haukufika hata nusu lita. Wetu unapita lita moja, na unakula karibu asilimia 20 ya nguvu za mwili.

Sasa falsiparumu, kile kidudu cha malaria kali, inafanya chembe nyekundu za damu zinate kwenye vimishipa, damu inakwama, ubongo unavimba. Sufuria ya maharage ikichemka, kifuniko kinainuka. Fuvu la mtu mzima haliinuki. Kwa mtoto mchanga utosi bado ni laini. Hapa Kadutu, mtaa wa Bukavu, bibi anaupapasa kwanza, na ana haki: mtoto ana homa na utosi umetuna, umekaza? Mbio hospitali, usiku huohuo. Picha za ndani ya ubongo za watoto wenye malaria ya ubongo huko Blantyre, Malawi, zilizotolewa 2015, zilionyesha wengi wa waliokufa walikuwa na ubongo uliovimba sana. Waliopona, uvimbe ulishuka.

Na ile hoja yako nyingine, eti magonjwa ndiyo yalikuza ubongo wa mtu? Hapo sikufuati.