Mwanangu, mtazame anayesikiliza

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma mara mbili, kisha nikamsomea mama yako. Umeuliza: "Baba, ukiambiwa ubaki na kimoja tu maisha yako yote, filamu au tamthilia za sizoni, utachagua kipi?" Mama yako hakungoja nimalize. "Filamu," akasema, akaendelea na shughuli zake. Unajua hajawasamehe watu wa tamthilia tangu ile siku ya mwisho wa The Sopranos, skrini ilipogeuka nyeusi ghafla akainuka kwenda kugonga deki akidhani imekufa. Sehemu 86, anasema, halafu mtu anakuzimia taa usoni.

Mimi siwezi kujibu upesi hivyo. Ungeniuliza nikiwa kijana ningejibu papo hapo, maana nilitazama picha kama wenzangu wote: unamtafuta steringi, ukishampata humwachi mpaka mwisho, na anayesema ndiye mwenye picha. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba ukitaka kujua kama picha ni nzuri, mwache anayesema, mtazame anayesikiliza. Najua neno hili umelisikia kwangu tangu hujaanza shule. Leo nalirudia kwa sababu ndiyo njia pekee ninayoijua ya kulifikia swali lako.

Unakumbuka tulivyotazama 12 Angry Men, sote wanne, wewe umejifunika lile shuka la mistari? Picha ya mwaka 1957, haina rangi, dakika 96, na karibu zote zimo ndani ya chumba kimoja. Wanaume 12 wa jopo la mahakama wanaamua kama kijana aliyeshtakiwa kumuua baba yake kwa kisu ana hatia. Kura ya kwanza, 11 wanasema ana hatia, mmoja anasema hapana. Basi. Hakuna farasi, hakuna bunduki. Niliogopa mtalala. Badala yake, katikati, kaka yako aliyekuwa amejinyoosha kwenye zulia akauliza, "Mbona chumba kinapungua?"

Nilimwambia chumba ni kilekile. Nilikosea mimi, mtoto alikuwa sahihi. Baadaye nilisoma alivyofanya mwongozaji, Sidney Lumet. Kadiri picha inavyosonga alikuwa anabadilisha lenzi ili kuta zionekane zimewasogelea watu, na kamera alikuwa anaishusha: mwanzoni inawatazama kutoka juu kidogo, katikati iko usawa wa macho, mwishoni iko chini, ndiyo maana dari inaanza kuonekana juu ya vichwa vyao. Ilikuwa filamu yake ya kwanza ya sinema. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa televisheni. Na hadithi yenyewe, aliyoiandika Reginald Rose, ilikuwa mchezo wa televisheni mwaka 1954 kabla haijawa filamu. Sasa hiyo uiweke upande gani wa swali lako?

Lakini mama yako ndiye aliyeona kubwa kuliko sote. Yule bwana wa miwani, asiyevua koti joto lote lile, anaulizwa kama huwa hatoki jasho, anajibu hapana, hatoki. Kijana mshtakiwa alidai kwamba usiku wa mauaji alikuwa sinema, ila polisi walipomuuliza picha alizotazama, hakukumbuka hata majina. Bwana wa miwani anaona huo ni uongo wa wazi. Basi yule wa kura ya hapana anamgeuzia: wewe mwenyewe siku chache zilizopita ulitazama nini? Anajibu kwa kujiamini. Jina moja analikosea, na mwenzake mpole anamsahihisha taratibu. Anaulizwa waigizaji, anakwama. Hapo mama yako akanishika mkono: "Mtazame paji la uso." Tone la jasho. Yule bwana anatoa leso, anajifuta, hasemi kitu. Mimi nilikuwa nimemkodolea macho Henry Fonda, mwigizaji wa yule wa kura ya hapana, kwa sababu ndiye aliyekuwa anauliza. Kama si mama yako ningekosa jambo kubwa kuliko yote katika picha ile.

Basi kwa siku ile ningesema filamu. Jasho la mtu mmoja, sekunde chache, na ukishaliona huwezi kumtazama tena mtu anayejiamini kwa jicho lilelile. Tamthilia ingelipoteza tone lile katikati ya sizoni ya tatu.

Ona sasa, nimeshaanza kutoa hukumu, na ile siku nyingine inanishika shati.

Ulikuwa umekuja likizo, na boksi lako la tamthilia ya The Wire, sizoni zote 5. Ulikuwa umeshaimaliza peke yako chuoni. Ukaniomba, "Baba, kaa nami kwenye sizoni ya nne tu." Nikakaa. Sikukaa vizuri. Nilikuwa naingia na kutoka, simu mkononi, nauliza huyu nani, yule nani, na wewe unanijibu kwa subira ambayo sikustahili. Sizoni ile inawafuata wavulana wanne wa shule huko Baltimore. Mmoja ni Randy, mwenye ndoto za kufungua duka, anayelelewa na mama mlezi wa kupangiwa na serikali. Jina lake linavuja kwamba amezungumza na polisi, na nyumba inachomwa moto. Mama mlezi anaungua. Tunafika hospitali. Sajenti Carver, aliyekuwa ameahidi kwamba mtoto atalindwa, amekuja, amesimama pale, hana la kusema, anageuka kuondoka. Na Randy anampigia kelele kutoka nyuma yake, anamuuliza kama ndiye atakayemlinda, tena na tena, na Carver anatembea tu kwenye korido, hageuki.

Mimi nikacheka. Nikasema, "Polisi wa kwenye tamthilia kazi yao kutembea."

Ulibonyeza rimoti. Ukatoa sahani, ukairudisha kwenye boksi, ukalifunga. Nakumbuka ule mlio mdogo wa boksi. "Tulale, baba," ukasema. Haikuwa hata saa tatu.

Muda mrefu nilijiambia ulikuwa umechoka na safari. Mama yako hakunisaidia kudanganyika. Aliniuliza jambo moja tu: "Ulimwona mwanao usoni wakati yule mtoto anapiga kelele?" Sikumwona. Nilikuwa natazama skrini, na hata huko nilikuwa namtazama anayepiga kelele. Sikumtazama Carver, ambaye ndiye anayesikiliza. Na wewe uliyekaa sentimita thelathini kutoka kwangu, ukisikiliza, sikukutazama kabisa. Mimi, mwenye kuwahubiria watu.

Ile Ijumaa ya bweni tunaijua wote wawili, nami sitaieleza upya. Niliahidi Ijumaa, nikaja Jumanne. Wewe ulikuwa umekaa juu ya sanduku siku nne, matroni alinieleza, na mimi nikakupa sababu za gari. Siku ya boksi nadhani hukuwa unanionyesha tamthilia. Au labda ulikuwa unanionyesha tamthilia tu, ukitaka baba yako apende unachokipenda, na hilo nalo lilitosha kunifanya niweke simu chini. Nimeligeuza jambo hili pande zote mbili, na kila upande mimi ndiye niliyekosa.

Mwaka juzi, baada ya kustaafu, niliitazama yote peke yangu. Sehemu 60, kuanzia ya kwanza. Sikukwambia. Nilipofika tena kwenye korido ile nilikuwa nimeishi na Carver tangu sizoni ya kwanza, nimemwona akiwa kijana mjinga wa kupiga watu mitaani, nimemwona akikua kidogo kidogo mpaka akawa mtu wa kuahidi na kumaanisha. Ule mgongo unaotembea haukuwa tena mgongo wa polisi wa kwenye tamthilia. Uso haukuhitajika hata kidogo. Na baadaye, akishamfikisha mtoto kwenye kituo cha kulelea, anarudi ndani ya gari na kuupiga usukani kwa mikono. Alikuwa amejaribu. Alijitolea hata kumlea mwenyewe, akaambiwa utaratibu utachukua miezi. Nilisimamisha picha nikakaa gizani. Yeye alifungiwa mlango. Mimi sikufungiwa mlango wowote, nilichelewa tu.

Sasa, dakika 96 haziwezi kukupa mgongo kama ule. Lile jasho unaweza kulipata kwa saa moja, lakini mgongo ule unahitaji saa nyingi za kumzoea mtu kwanza, mpaka kutembea kwake peke yake kukuambie kila kitu. Kwa hiyo tamthilia, utasema. Ngoja kidogo. Kuna yule mwanamume mwingine wa 12 Angry Men, mwenye hasira, ambaye hajaonana na mwanawe miaka miwili. Mwanzoni anatoa pochi na kumwonyesha mwenzake picha ya huyo mwana. Mwishoni amebaki peke yake upande wa hatia. Anaitupa pochi mezani, picha inachomoza, naye anaichana vipandevipande kwa mikono yake, kisha anaanguka juu ya meza akilia. Na wengine 11, mtazame kila mmoja: hakuna anayeshangilia. Wanatoka mmoja mmoja. Fonda anabaki, anamletea koti, anamsaidia kulivaa, bila neno. Huyo baba tumemjua kwa saa moja na nusu tu, na koti lile nimelibeba miaka yote hii.

Unaona ninavyozunguka. Mama yako amepita nyuma yangu, amesoma kidogo, amesema, "Mwambie filamu, umalize." Usiku huu, kama ningelazimishwa, ulimi ungeelekea upande wako, upande wa tamthilia, kwa sababu ya ule mgongo. Lakini najua kesho nikiliwaza lile koti nitabadilika, na sitaki uende kuwaambia wenzako kwamba baba amesema hivi halafu baba mwenyewe hana uhakika. Niache kwanza.

Boksi bado liko hapa. Uliliacha siku ile, nami nimelitunza rafu ya juu, pembeni ya albamu. Ukija mwezi ujao njoo na siku zako za kutosha, tuanze sizoni ya nne tangu sehemu ya kwanza, sote wawili. Simu nitaiacha chumbani kwa mama yako. Tukifika kwenye korido nitanyamaza, na usishangae ukiona sitazami skrini.

Baba yako