Utada ni yuleyule

Ndugu, umeuliza kama Utada Hikaru wa sasa, mwimbaji wa Japani, bado ndiye yule wa albamu ya First Love ya 1999. Ndiye kabisa. Hata kwenye ile R&B laini ya mwanzo, sauti ilikuwa na kilio ndani yake; mama yake, Keiko Fuji, alikuwa mwimbaji mkubwa wa enka, zile nyimbo za Kijapani za huzuni. Mama alifariki 2013, na albamu ya Fantôme ya 2016 imebeba msiba huo. Ultra Blue ya 2006 hainikoshi sana, elektroniki imezidi. Lakini Bad Mode ya 2022! Ule wimbo wa Somewhere Near Marseilles, aliotengeneza na Floating Points, mtayarishaji wa muziki wa elektroniki kutoka Uingereza, unakaribia dakika 12, mdundo wa klabu unajirudia taratibu hadi unakuteka. Usiuruke. Anza na Fantôme kwanza.