Dada, hiyo simu usimpokonye jumapili

Dada acha kabisa! Nimesoma ulivyoandika, binti wa miaka 14 kanuna muda wote, usiku yuko TikTok mpaka saa nane, unauliza umhamishe shule au umwekee programu ya kubana muda, afu mwishoni unasema jumapili ndugu wakija utampokonya simu uisome mbele yao "aone aibu". Mimi nilifanya hivyohivyo, mbele ya shangazi zake.

Wangu alikuwa kidato cha pili. Nikamvuta simu mkononi, nikafungua WhatsApp nikaanza kusoma mesej zake kwa sauti, sikukuta mwanaume wala matusi, ni mambo ya kitoto tu, ila kwa vile nshaanza sikutaka kuonekana nimeshindwa nikaendelea, mtoto kasimama pale anaangalia vidole vya miguu, hata hakulia. Simu nikaifungia kabatini wiki tatu. Kununa kukaisha kweli na mimi nikatamba kwa majirani, kumbe kilichoisha ni kuongea na mimi.

Aliyeniingiza mkenge ni mnenaji mmoja wa semina ya wazazi, tulilipa elfu 30 kila mtu, kashika maiki anasema simu ndo ugonjwa, ukiitoa mtoto kapona. Nikimkumbuka damu inachemka! Mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford walichambua takwimu za vijana zaidi ya laki tatu na nusu, wakakuta matumizi ya vifaa vya kidijitali yanaeleza asilimia 0.4 tu, tena hapo ndo mwisho wake, ya tofauti za furaha na huzuni kati ya kijana mmoja na mwingine. Sisemi mitandao haiumizi, wapo inaowaumiza vibaya mno, ila na huzuni nayo inamsukuma mtoto kwenye simu.

Siku naichaji nikaiuze, mesej zikamiminika. Grupu la darasa, ambalo siku ile wala sikulifungua, walikuwa wamemtengenezea stika kwa picha yake, wameyavuta meno, wanarushiana wanacheka. Na rafiki yake alohamia Dodoma, kila jioni, "Upo? Leo umekula?" Siku kumi na mbili mfululizo, afu kimya. Huyo ndo alikuwa anakesha nae mpaka saa nane, na mimi ndo nimemkatia.

Kwahiyo kabla hujagusa simu kaeni wawili tu, hata mkichambua mchicha, umuulize dakika ile kabla hujaishika ulikuwa unajisikiaje, na ukiiweka chini je. Asipojibu leo usimkazanie, kesho uliza tena. Wangu alinijibu mara ya nne, tunakuna nazi, hakuniangalia usoni.

Jumapili ndugu wakija wape chai, mtoto mwache na simu yake.