Mguu wa Barbaro: maswali yenu na majibu yangu

Wiki iliyopita nilimtaja kwa mistari miwili tu farasi Barbaro wa Marekani, aliyevunjika mguu uwanjani mwaka 2006, mashabiki wakafuatilia matibabu yake kwa miezi minane. Mistari hiyo miwili imeniletea barua nyingi kuliko yote niliyoandika kuhusu soka mwezi huu. Nimechukua maswali yaliyojirudia zaidi.

Mimi nafahamu mbio za magari, na za ngamia nimeziona kwenye televisheni. Huyo Barbaro alikuwa nani hata watu wapoteze usingizi kwa ajili ya mguu wake? (Msomaji, Dodoma)

Alizaliwa Aprili 29, 2003, mali ya Roy na Gretchen Jackson, mume na mke wa Pennsylvania. Alikimbia mbio sita akashinda zote sita, na ya sita ilikuwa Kentucky Derby yenyewe, Mei 6, 2006, ambako aliwaacha wenzake kwa urefu wa farasi sita na nusu. Marekani wana mbio tatu za farasi wa miaka mitatu: Derby, Preakness na Belmont. Anayezizoa zote tatu katika msimu mmoja huingia kwenye orodha fupi sana, na wa mwisho kufanya hivyo wakati ule alikuwa Affirmed, mwaka 1978. Yaani watu walikuwa wamesubiri miaka 28, na wengi waliamini kuwa safari hii wamempata.

Mkufunzi wake, Michael Matz, naye ana habari zake. Mwaka 1989 alinusurika ajali ya ndege iliyoanguka Sioux City, akatoka kwenye mabaki akiwa na watoto watatu aliowaokoa. Mwaka 1996 akapata medali ya fedha ya Olimpiki katika timu ya Marekani ya kuruka viunzi na farasi. Waandishi wa michezo walimpenda hata kabla farasi wake hajashinda.

Basi Mei 20 watu zaidi ya 118,000 wakajaa uwanja wa Pimlico, Baltimore, kuangalia Preakness. Barbaro alichomoka kwenye mlango wa kuanzia kabla ya wakati. Wakamrudisha, daktari akamtazama, akaonekana mzima. Wapo wanaoshikilia hadi leo kwamba aliumia pale, lakini hakuna aliyethibitisha. Mbio zilipoanza kweli, mita chache tu mbele ya jukwaa kuu, mguu wa nyuma wa kulia ukavunjika. Edgar Prado, mpanda farasi kutoka Peru, akamsimamisha akaruka chini. Bernardini ndiye aliyeshinda siku hiyo, ila nani alikuwa na habari naye?

Mzee wa safu, shikamoo. Mwanangu alivunjika mguu akafungwa plasta, wiki chache baadaye anacheza mpira. Kwa nini farasi akivunjika watu huwaza kumuua tu? (Mama wa watoto wanne, Tanga)

Marahaba, mama. Hili ndilo swali lililoletwa na wengi, na jibu lake ni refu.

Farasi husimama juu ya ncha ya kidole kimoja kwa kila mguu. Kwato ni ukucha wa kidole hicho. Kuanzia pale tunapopaita goti kushuka chini hakuna msuli hata kidogo: ni mfupa, kano, mishipa ya damu na ngozi. Mfupa ukivunjika sehemu hiyo hauna nyama ya kuukinga wala damu nyingi ya kuulisha, na ncha zake huweza kutoboa ngozi na kufungua njia ya uchafu. Juu ya kiguu hicho chembamba kuna mwili wa kilo 500 hivi.

Halafu mwanao aliambiwa alale, akalala. Farasi hajui kulala wiki sita. Akilazwa muda mrefu uzito wake mwenyewe unaminya mapafu na misuli yake. Ni mnyama aliyeumbwa kukimbia simba, ndiyo maana hata usingizi wake mwingi huupata akiwa amesimama. Akiumia na kuogopa, hupiga teke. Kwa hiyo daktari hatengenezi mguu utakaopona polepole ukiwa umepumzika. Anatengeneza mguu utakaobeba mzigo siku hiyohiyo.

Barbaro alivunjika mifupa mitatu kwa mpigo, juu na chini ya kifundo, na mfupa wa chini ya kifundo ulisagika vipande zaidi ya 20. Bahati yake, ngozi haikutoboka na damu iliendelea kufika kwenye kwato. Usiku huohuo alisafirishwa kwa gari la wagonjwa, polisi wakisindikiza, hadi New Bolton Center, hospitali ya wanyama wakubwa ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Kesho yake Dk. Dean Richardson alimpasua kwa zaidi ya saa tano, akaunganisha mifupa kwa bamba la chuma na skrubu 27, kisha akamfunga plasta. Upasuaji ulikwenda vizuri sana. Alipoulizwa uwezekano wa kupona, akasema ni nusu kwa nusu.

Nilipenda jibu hilo, na nitalirudia hapo chini.

Niliona picha yake akiwa ndani ya boti kwenye bwawa la maji. Ni kweli au ni mambo ya kompyuta? (Kijana, Morogoro)

Kweli kabisa. Saa ya hatari si ile ya kisu, ni ile ya kuzinduka kutoka kwenye nusukaputi. Mwaka 1975 Wamarekani walimpoteza farasi jike aliyeitwa Ruffian, ambaye hakuwa ameshindwa mbio hata moja kabla ya siku alipovunjika mguu wa mbele. Walimpasua usiku, alipozinduka akaanza kurusha miguu kana kwamba bado yuko uwanjani, akaiharibu kazi yote. Ilibidi wamuue. New Bolton wao humning'iniza mgonjwa kwa mikanda, wakamtia kwenye boti ya mpira yenye matundu ya kupitishia miguu, ndani ya bwawa la maji ya uvuguvugu. Akirusha miguu anapiga maji tu. Akitulia anainuliwa na kupelekwa bandani.

Kama mguu uliovunjika ulikuwa wa kulia, kwa nini naambiwa alikufa kwa sababu ya mguu wa kushoto? (Mwanafunzi wa tiba ya mifugo, Morogoro)

Wewe walimu wako wa SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, watakueleza vizuri kuliko mimi, lakini wasomaji wengine wanahitaji kusikia.

Ndani ya kwato, mfupa wa mwisho umeshikwa kwenye ukuta wa kwato na vikunjo vingi laini vyenye damu. Vikunjo hivyo hulishwa vizuri pale farasi anapobadilishabadilisha mguu, kukanyaga na kunyanyua. Abiria aliyesimama kwenye daladala kutoka Mbagala hadi Kariakoo hujua: bila kuambiwa, huhamisha uzito mguu huu kwenda ule. Barbaro hakuweza. Mguu wa kulia ulimuuma, akaegemea wa kushoto mchana na usiku, vikunjo vikakosa damu vikaanza kufa. Ugonjwa huo huitwa laminitisi. Ukuta wa kwato huachana na mfupa, na maumivu yake humnyima mnyama nguvu ya kusimama.

Julai 2006 Richardson aliondoa asilimia 80 ya ukuta wa kwato ya kushoto, akatoka mbele ya waandishi akasema wazi kwamba matumaini ni madogo. Barbaro akawashangaza wote. Alikula vizuri, akaanza kutolewa nje kulishwa majani, na Novemba plasta ya mguu wa kulia ikaondolewa. Desemba yalikuwepo mazungumzo ya kumhamisha kutoka hospitali. Tatizo ni kwamba kwato huota taratibu mno, na ile ya kushoto haikuota sawasawa. Januari ikaharibika tena, mguu wa kulia ukapata jipu ndani ya kwato, akapasuliwa tena Januari 27. Akabaki kuegemea miguu ya mbele, nayo ikashikwa na laminitisi. Farasi asiye na mguu mzima hata mmoja wa kusimamia hana pa kwenda. Januari 29, 2007 walimchoma sindano ya mwisho.

Kaka, mimi huenda uwanja wa Ngong Jumapili na najua biashara hii. Wenyewe walikuwa wanatafuta pesa za kumpandisha, si mapenzi. (Msomaji, Nairobi)

Sikatai kwamba pesa zilikuwepo mezani. Mshindi wa Derby akistaafu na kupandishwa majike huingiza fedha nyingi kuliko alizozipata kwa kukimbia. Tena sheria ya usajili wa farasi wa mbio hairuhusu kuchukua mbegu kwa chupa. Lazima dume mwenyewe apande, na kupanda ni kusimama kwa miguu ya nyuma. Kwa hiyo miguu ileile iliyovunjika ndiyo iliyokuwa na thamani.

Ila tazama walivyofanya. Walisema tangu mwanzo kwamba maumivu yakizidi kudhibitiwa wataacha, na ilipofika hapo waliacha, hawakuongeza hata wiki ya kubahatisha. Kisha wakachangia utafiti wa magonjwa ya farasi, kukiwa na kiti cha uprofesa kwa jina la Richardson. Mtafuta faida ya haraka angeuza hadithi ile mapema zaidi.

Watu wazima kumpelekea farasi kadi za pole! Huo si wendawazimu wa matajiri? (Msomaji, Mwanza)

Walipeleka zaidi ya kadi: maua, tufaha, karoti, mabango kwenye uzio wa hospitali, hata maji ya baraka na medali za watakatifu. Cheka kama unataka. Mimi ninachokiona ni kwamba watu wale walikuwa wanaambiwa ukweli. Taarifa za hali yake zilitolewa mara kwa mara, na daktari hakuwapaka asali: nusu kwa nusu, halafu matumaini madogo, halafu leo amekula, leo hakulala. Ukiambiwa ukweli hivyo unabaki. Klabu zetu zikisema "mchezaji anaendelea vizuri" miezi sita mfululizo, nani huendelea kuuliza?

Na hawakuishia kwenye karoti. Fedha zilichangwa kwa ajili ya hospitali na utafiti wa laminitisi. Kundi lililojiita Mashabiki wa Barbaro likaanza kwenda minadani kununua farasi waliokuwa wanaelekea kuchinjwa. Machinjio ya mwisho ya farasi Marekani, yaliyokuwa Texas na Illinois, yalifungwa mwaka huohuo wa 2007, lakini malori yaliendelea kuwapeleka Mexico na Canada, kwa hiyo kazi yao haikuisha.

Punda wangu amevunjika mguu, majirani wananiambia nimwache tu. Nifanye nini? (Msomaji, Lamu)

Ndugu yangu, usimwache akiteseka na usimfunge vijiti mwenyewe. Mzuie asitembee, umpeleke habari daktari leo. Hapo kisiwani mna kliniki ya Donkey Sanctuary, ipo tangu 1987. Punda ni mwepesi kuliko farasi wa mbio, kwa hiyo matumaini huwa makubwa kidogo, kutegemea umevunjika wapi. Na akianza kuegemea upande mmoja, waambie waiangalie kwato ya mguu mzima.

Amezikwa wapi? (Wasomaji kadhaa)

Churchill Downs, Louisville, alikoshinda Derby, nje ya lango ili mtu asilipe kiingilio kumwona. Sanamu yake iliwekwa juu ya kaburi mwaka 2009.

Yupo farasi hata mmoja aliyepona, au zote ni hadithi za kulia? (Msomaji, Arusha)

Wapo. Nureyev, dume la mbegu huko Kentucky, alivunjika mguu wa nyuma mwaka 1987 akapona na kuendelea kuzaa. Mwanawe Peintre Celebre alishinda mbio kubwa kuliko zote za Ufaransa mwaka 1997. Na kwa laminitisi yenyewe, mtafute Lady Eli. Julai 2015, akirudi bandani baada ya kushinda New York, alikanyaga msumari, kisha kwato za mbele zote mbili zikaugua. Watu wakajiandaa kwa Barbaro mwingine. Agosti 2016 alirudi uwanjani akawa wa pili, Oktoba akashinda mbio za Flower Bowl, na mwaka uliofuata akashinda nyingine tatu.