Usitume hela ya kupaua kwa kuangalia picha: ninavyokagua saiti ya mtu aliye mbali

Dada mleta uzi, nimesoma swali lako mara mbili. Uko Maskati, nyumba yako inajengwa Kange hapa Tanga. Fundi amekutumia picha za lenta, yaani ule mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya milango na madirisha, anasema kazi imefika asilimia 70 na anataka hela ya kupaua. Unauliza utume au usubiri. Subiri. Fundi wako simjui na simwiti mwizi, ila picha hizo zinakuonyesha mbao na watu. Unacholipia kiko ndani ya mbao.

Nasimamia saiti mwaka wa kumi na nne sasa, nilianza nikiwa saidia fundi wa kubeba zege, na bado yalinikuta. Mwaka 2017 nilikuwa kazini Morogoro huku nyumba ya mama yangu inajengwa Mwahako, hapa hapa Tanga. Kila jioni napokea picha: boksi la mbao la kumwagia zege limepigwa vizuri, lenta imemwagwa, vijana wamesimama juu ya jukwaa. Nikalipa. Miezi miwili baadaye fundi wa grili akatoboa juu ya dirisha la sebuleni, na drili ikazama kama imeingia kwenye mchanga. Nilipanda gari usiku ule ule. Asubuhi nimesimama kwenye ngazi, nabandua zege kwa bisibisi, linatoka vipande. Ndani nikakuta nondo mbili badala ya nne, zimelala chini kabisa kwa sababu hakuna aliyeweka biskuti, vile vipande vidogo vya zege vya kuziinua. Ringi, vyuma vyembamba vinavyozifunga nondo pamoja, zilizotakiwa kila sentimita 20 zilikuwa zimeachana 35. Mama yuko chini ameshika ngazi, ananiuliza, "Mwanangu, itasimama hii?" Sikuwa na jibu la kumpa. Tulivunja lenta upande mzima na kuanza upya, na yule fundi simu yake haikupatikana tena.

Tangu siku hiyo nina sharti moja: kitu kitakachofunikwa kikaguliwe kabla hakijafunikwa. Mtaro wa msingi kabla ya zege, nondo kabla ya zege, mabomba kabla ya sakafu, mbao za paa kabla ya bati. Hapo kazi inasimama mpaka mtu wako aone. Na huyo mtu asiwe amepatikana kupitia kwa fundi. Ukiweza, mlipe mhandisi aje siku hizo tu. Hakikisha amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Ukikosa, basi piga simu ya video, mtu alaze tepu juu ya nondo na atembee nayo taratibu kutoka kona hadi kona, wewe unasoma namba.

Sasa hiyo asilimia 70. Ya nini? Hela iliyotoka, siku zilizopita na kazi iliyokamilika ni vitu vitatu tofauti. Nyumba iliyoishia lenta ina paa, plasta, umeme, maji, sakafu, milango na madirisha mbele yake. Kwa nyumba zetu za kawaida hapo hujafika nusu ya gharama. Achana na asilimia, pima kazi.

Umeandika lenta yako ina urefu wa mita 40, upana sentimita 15, kimo sentimita 22.5, na orodha ya fundi inasema imekula mifuko 16 ya saruji. Zidisha: unapata mita za ujazo 1.35. Zege la moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, linakula mifuko kama sita na kidogo kwa kila mita ya ujazo. Kwa hiyo lenta yako ilihitaji mifuko tisa, weka na ya kumwagika, kumi. Sita iko wapi? Muulize kwa upole, huenda ilijengea kozi za juu, ile mistari ya tofali juu ya lenta, au ipo stoo. Lakini muulize. Ukutani nako ni hivyo hivyo, tofali za kawaida za saruji ni kama kumi kwa mita moja ya mraba.

Anza daftari la saiti leo. Tarehe, mvua au jua, mafundi wangapi, mifuko iliyoingia, iliyotumika. Mifuko mitupu ichanwe na itunzwe mpaka ihesabiwe. Nondo ipimwe kwenye mzani dukani: ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inakaribia kilo 10.7. Ikisoma tisa, umeuziwa nyembamba.

Kinachoniumiza zaidi huku kwetu ni maji na mchanga. Jua la saa saba likiwaka zege linakuwa gumu kukoroga, kijana anaongeza ndoo ya maji ili liteleze. Kazi inakuwa rahisi na zege linakuwa dhaifu. Mfuko wa kilo 50 unataka maji lita 25 hivi, na mchanga ukiwa umelowa, punguza hayo maji. Halafu bahari iko karibu, mtu anashawishika kuleta mchanga wa ufukweni. Ukiona vipande vya kombe ndani yake, ukatae. Chumvi inaila nondo, kutu inavimba, zege linapasuka kutoka ndani baada ya wewe kuhamia. Na zege likishamwagwa linyweshwe maji siku saba, asubuhi na jioni, lifunikwe magunia yaliyolowa. Upepo wa kaskazi unalikausha upesi mno.

Kwenye malipo, lipa hatua iliyopimwa, na sehemu kidogo ya ufundi ibaki mkononi mwako mpaka nyumba ipite masika moja. Fundi mzuri hakatai, mradi mmeandikiana mwanzoni.

Jumamosi nina kazi Kange. Mwambie fundi wako nitapita na nyundo na tepu, azitunze hizo mbao za boksi na mifuko mitupu kama ilivyo. Nitagonga lenta yote, nitahesabu mifuko, halafu nitakupigia video mimi na fundi tukiwa tumesimama chini ya dirisha, umuulize mwenyewe.